Vishungi vya Kinyozi

Mume wangu alifyeka nyasi za hospitali moja tangu alipokuwa na meno yote mpaka akabakiwa na yale ya kutafunia pembeni. Watu walimwita Kinyozi, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Walisema hakuna kinyozi duniani anayemnyoa mtu kisha akamwachia vishungi kichwani. Ndivyo uwanja wake ulivyokuwa. Nyasi zimelala chini safi, halafu unakuta kishungi kimesimama karibu na wodi ya wazazi, kingine nyuma ya kamba za kuanikia mashuka, kingine katikati kabisa, pale ndugu wa wagonjwa wanapokaa kungojea kengele.

Nimeulizwa habari za vishungi hivyo bombani, sokoni, hata msibani.

"Mama, hivi mzee wako huwa analala katikati ya kazi?"

"Halali," nilikuwa nawajibu. "Anaacha palipo na wenyewe."

Kila kishungi kilikuwa na wenyewe kweli. Kimoja kina kwale amekalia mayai, kingine kalunguyeye amejikunja na miiba yake kama mpira ulioachwa na watoto. Na walikuwepo wale ndege wenye miguu mirefu ambao mume wangu aliwaita askari, kwa kuwa mtu akikaribia tu wanapiga kelele za kumtaka ajieleze. Askari hawahitaji nyasi ndefu. Wanataga chini, peupe, mayai yenye madoadoa kama udongo, na mtu anaweza kuyakanyaga huku anayatazama. Kwa hao mume wangu aliacha mviringo wa nyasi kuzunguka kiota, mguu wa mtu au fyekeo la mwenzake lisiingie.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, nami niliiona kwa macho yangu maana nilikuwa nampelekea chai. Kabla hajanyanyua fyekeo anapita kwanza na fimbo, anagonga nyasi taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Kisha anaanza upande wa ukuta, anakwenda akielekea kwenye ua wa miti. Wenzake walikuwa wakianza pembeni kote na kuzunguka mpaka katikati. Kila kilichokuwamo, chura, kinyonga, kifaranga, kinakimbilia katikati, na katikati inazidi kuwa ndogo, mpaka pigo la mwisho linawakuta wote hapo. Yeye akasema, "Ukianzia ukutani, aliyemo ana pa kutokea." Ndiyo falsafa yake yote. Hakuwa mtu wa maneno.

Jioni nilikuwa namwekea maji ya moto na chumvi kwenye beseni, anatia miguu, anafumba macho. Mgongo wake ulianza kulalamika tukiwa bado tunalea. Baadaye yakaja magoti. Mwisho vidole, vikawa haviachii tena umbo la mpini. Hata akishika kikombe cha chai utadhani anataka kufyeka nacho. Nilimwambia apumzike. Alinijibu, "Nikipumzika mimi, ataletwa wa kunyoa kipara."

Kuna wakati alikosea, na kosa hilo nalieleza kwa sababu bila hilo hutaelewa kilichotupata mwishoni. Zamani, wafyekaji walipokuwa wengi, alitafuta njia ya kuwaonyesha wenzake viota. Akachukua blanketi jekundu la wodini lililokwisha kazi, akalichana vipande, akafunga kila kipande kwenye kijiti na kukichomeka karibu na kiota. Wenzake walimcheka, lakini wakikiona kitambaa wanapita mbali. Alirudi nyumbani kifua mbele. Msimu ule mayai yakaanza kutoweka. Hayakukanyagwa wala kufyekwa, yalitoweka tu, maganda yamebaki. Akadhani ni watoto. Akajificha nyuma ya tangi la maji kungojea, akamwona kunguru anakuja moja kwa moja, hatafuti, hazunguki, anatua juu ya kijiti chenye kitambaa chekundu, anashuka, anakula.

Alikuja nyumbani akakaa kizingitini na kofia mkononi.

"Nimewaandalia kunguru meza," akaniambia. "Na kitambaa nimewatandikia."

Tangu siku ile hakuweka alama tena, hata jani la kuvunjwa. Viota vikawa vya kukumbuka tu. Na mume wangu, Mungu amrehemu siku zake zitakapofika maana bado yupo, hana kumbukumbu. Ni mtu wa kutafuta kofia ameivaa. Basi akawa ananiletea viota nyumbani kwa mdomo. Mimi niliishia darasa la saba, lakini katika darasa letu hakuna aliyenishinda kukariri, mwalimu mwenyewe alikuwa akisahau ananitazama. Jioni ananiambia, "Askari mmoja, nyuma ya tangi, pale bomba linapovuja, ukiwa umeuelekea mlango wa jiko. Kwale yuko kwenye kona ya kamba za mashuka, chini ya nguzo iliyopinda." Asubuhi akinywa chai namrudishia vyote kwa mpangilio, anatikisa kichwa, anachukua fyekeo anakwenda. Miaka imepita mingi tukiishi hivyo. Wenzetu asubuhi wanasalimiana. Sisi tulikuwa tunaulizana mayai.

Wafyekaji wengine waliondoka mmoja mmoja, hakuna aliyeletwa badala yao. Akabaki peke yake na uwanja ule wote. Akimaliza upande mmoja, mwingine umeshaota. Halafu siku moja nyoka aliingia wodi ya wazazi. Hakumdhuru mtu, lakini akina mama walipanda juu ya vitanda na watoto wao, na mkunga mmoja akatokea dirishani, mtu mnene yule, mpaka leo anachekwa. Watu wakasema ni vishungi vya Kinyozi vinavyofuga nyoka.

Msimamizi wa hospitali akamwita ofisini. Nilikuwa nje barazani na chupa ya chai, mlango umewekewa tofali usijifunge, kwa hiyo nilisikia yote. Msimamizi si mtu mbaya. Miwani yake hukaa kwenye paji la uso siku nzima, na chini ya macho amechoka kuliko mume wangu.

"Mzee, umetufanyia kazi ya kutosha," akasema. "Tumepata mashine ya kufyekea. Kesho inaanza. Wewe nenda ukapumzike, haki yako utapewa."

"Sawa, bwana. Naomba jambo moja."

"Sema."

"Kuna viota vinne. Mayai yamekaribia kuanguliwa, nimeinamisha sikio nikawasikia wanalia ndani. Mashine ingesubiri kidogo tu."

Nikasikia kiti cha msimamizi kikilia. "Wakaguzi wanakuja, mzee. Na habari ya yule nyoka umeisikia. Wewe unaniambia viota vinne. Mimi nina wodi nne hazina maji."

"Sawa, bwana," akasema mume wangu, akatoka. Chai hakunywa.

Nyumbani alikaa kitandani amevua buti moja, jingine amelisahau mguuni. Nikampikia, hakula. Nikamwekea maji ya miguu, yakapoa.

"Turudishe vitambaa," nikamwambia. "Kwa siku moja tu, mwenye mashine aone."

"Kunguru hawajasahau. Wewe unadhani ni kama mimi?"

Tukakaa. Yeye alikuwa anatazama ukuta, na mimi nilikuwa naviona viota vyote vinne kichwani kama vyombo kabatini: tangi, kamba za mashuka, mti uliokatwa, katikati ya uwanja. Nikawaona na watu wanaokaa pale kila siku kungojea kengele, wametandaza khanga na mashuka, wengine wamelala, wengine wanamenya machungwa. Wanakaa popote wanapotaka, na kunguru hawawajali.

"Na kama tukikaa?" nikasema.

"Wapi?"

"Kando ya viota. Mtu akikaa, kunguru atajuaje amekalia nini?"

Alinigeukia. Akaliona buti lake, akalivua.

Asubuhi tukaenda na vigoda viwili. Alikuwa hana kazi tena pale, lakini mlinzi wa geti alimsalimu kama kawaida. Mwenye mashine tulimkuta anajaza mafuta. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, zamani fundi wa pikipiki, na masikioni amejaza pamba. Mume wangu akamwambia habari za mayai, mara ya kwanza, mara ya pili kwa sauti kubwa.

"Mzee wangu," akasema yule fundi, akatoa pamba moja, "mimi nimeambiwa nisiache hata unywele. Nikiacha kishungi, na mimi nitakuwa kinyozi." Akacheka, halafu akamtazama mume wangu na kuacha kucheka. "Ila watu sifyeki. Mtu akikaa mahali, mimi nazunguka. Hilo halina lawama." Akarudisha pamba yake.

Basi, mume wangu akachukua mti uliokatwa, maana hapo palikuwa karibu zaidi kwa magoti yake. Mimi nikachukua katikati ya uwanja. Tukakaa hatua kadhaa pembeni, si juu ya kiota, ili mwenye mayai asikimbie kabisa. Vikabaki viwili. Kwa kile cha tangi tulimpata bwana mmoja mcheshi, amekuja na sufuria ya chakula cha mgonjwa wake imefungwa kwa leso.

"Yaani nilinde mayai?" akauliza. "Yamechemshwa?"

"Mabichi, mwanangu," nikamwambia. "Ukae tu, mashine ikuzunguke."

"Kukaa ndiyo kazi ninayoiweza. Mke wangu atakuthibitishia, yuko wodi ya tatu." Akahamia tangini na sufuria yake.

Kwenye kamba za mashuka palikuwa na mwanamke ameshakaa, amejitanda khanga mpaka machoni, kikapu mapajani. Nilipomweleza hakuuliza swali. Alisema, "Nionyeshe." Nikamwonyesha nguzo iliyopinda na kwale chini yake, amejibana, jicho tu linang'aa. Akasogea kidogo ili asimtishe, akakaa tena.

Mashine ikaanza. Sauti yake ilikuwa ya kukuna meno. Askari wangu akaruka juu akanipigia makelele, mimi niliyekuja kumsaidia. Mashine ikaja, nikafumba macho, ikanizunguka, upepo wake na vipande vya nyasi vikanijaa kichwani. Nilipofumbua, mviringo ulikuwa umebaki kunizunguka mimi na mayai yale. Nikamtazama mume wangu kule kwenye mti, mashine ikamzunguka na yeye. Akanipungia mkono. Zilikuwa zimepita siku nyingi sijamwona akinipungia mkono.

Mashine ilipokuwa inaelekea tangini, kengele ya kuona wagonjwa ikalia.

Hapa ndipo tulipokosea, na hakuna wa kukosea hivyo ila sisi. Kwa muda wote aliofanya kazi pale, kengele ikilia mume wangu alikuwa akilaza fyekeo chini. Watu wanapita wengi, huwezi kurusha chuma kati yao. Kengele kwake ilikuwa ni mapumziko, anajilaza kwenye kivuli mpaka uwanja utulie. Tulipopanga mpango wetu hakuwaza kwamba kengele ni tatizo. Aliona kengele ikilia mashine nayo itapumzika. Wala mimi sikuwaza, mimi nisiyesahau.

Mashine haikupumzika. Uwanja mzima ulisimama, khanga zikakung'utwa, watu wakakimbilia wodini. Yule bwana wa tangini naye akanyanyuka na sufuria yake, akakumbuka katikati ya njia, akageuka, akatazama mlango wa wodi unaojaa watu, akaenda. Huwezi kumlaumu. Fundi aliona nyasi hazina mtu.

Mume wangu alipiga kelele. Aliita mpaka sauti ikakatika. Fundi ana pamba masikioni na mashine mbele yake. Na mume wangu hakuweza kuondoka, kwa sababu fundi alikuwa anarudi kwa mistari, na mstari unaofuata ungepita pale pale kwenye mti. Akiondoka kuokoa kile, anapoteza hiki. Nikamwona ananyanyuka nusu, anakaa, ananyanyuka, anakaa. Mwisho alibaki amekaa, mikono kichwani. Mimi nilibaki nimekaa. Askari wa tangini alisimama mbele ya mashine ametandaza mbawa zote mbili, mdogo hivi, halafu akaruka dakika ya mwisho. Mashine ikapita.

Ikageukia kamba za mashuka. Nikasema basi, na kile kimekwenda, maana yule mwanamke naye atakuwa wodini. Nikageuka. Alikuwa amekaa vile vile, kikapu mapajani, hakutikisika hata kengele ilipolia. Mashine ikafika, ikamzunguka, ikaenda zake.

Fundi alipozima, ukimya ule ulikuwa unauma masikio. Mume wangu alikwenda tangini polepole, nami nikamfuata. Fundi alikuwa ameshachuchumaa pale. Kulikuwa na maganda, na umajimaji, na mguu mmoja mwembamba kama uzi, umekamilika na vidole vyake.

"Mbona hamkuniambia ni hapa?" akasema.

"Ulisema watu hufyeki," akajibu mume wangu.

"Mtu aliondoka."

"Ndiyo. Aliondoka."

Fundi akatoa pamba masikioni, zote mbili, akazitia mfukoni. "Mzee, mimi sikujua ni vidogo hivi. Sikilizeni. Nyinyi niambieni viko wapi kabla sijawasha. Mimi nitazunguka. Msimamizi akiniuliza nitasema kuna mawe. Mashine inaogopa mawe, anajua."

"Na uanzie ukutani," akasema mume wangu.

"Kwa nini ukutani?"

Mume wangu alikuwa amechoka mno kueleza. Nilieleza mimi.

Yule bwana wa sufuria alirudi baada ya muda, sufuria tupu. Alipoona tumesimama pale, ucheshi ukamtoka usoni. "Mzee, nisamehe. Kengele ilipolia miguu ilikwenda yenyewe."

"Mkeo anaendeleaje?"

"Leo amekula."

"Haya. Vizuri." Mume wangu akamshika bega, akamwacha aende.

Nikaenda kwenye kamba kumshukuru yule mwanamke. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona hukwenda kumwona mgonjwa wako?"

"Wangu alitangulia alfajiri," akasema. "Nangoja gari la kumchukua." Alisema kama mtu anayekuelekeza njia. "Wamenitoa kule ndani nikae nje. Nikawa sijui nikae wapi."

Nikakaa naye chini, mume wangu akaja akakaa upande mwingine, ilimchukua muda kukunja yale magoti. Tukawa watatu tumekaa chini ya mashuka yaliyoanikwa. Baadaye yule kwale, aliyekuwa amekimbia mashine ilipokaribia, akatokea kwenye ua wa miti, anatembea kwa kusitasita, anasimama, anatazama. Akapita karibu na kikapu cha mwanamke, akaingia chini ya nguzo iliyopinda, akajipanua, akakaa.

"Amerudi," akasema mwanamke. Ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake. Gari lilifika, akakung'uta khanga, akaenda.

Sasa mume wangu hatoki tena. Magoti yamekataa. Kila mashine inapokaribia kutumika, fundi anapita nyumbani kwetu, anasimama mlangoni na kusema, "Shikamoo bibi, mawe yako wapi safari hii?" Nami namwambia. Lakini ili nimwambie, lazima mtu awe amekwenda kuyaona, na aliyebaki na miguu ni mimi. Basi naichukua ile fimbo yake, napita mapema kabla watu hawajajaa, nagonga nyasi. Jua likipanda kichwa kinaniuma, mgongo ndiyo usiseme. Watu wa bombani wameanza kuniita Mama Kinyozi, waniite wanavyotaka.

Nikirudi namkuta amelala ameuelekea mlango, kofia kichwani. Nampangia kimoja baada ya kingine: askari wawili tangini, wamerudi pale pale, wakaidi kama yeye, kwale mmoja, kalunguyeye chini ya ngazi za maabara. Anasikiliza amefumba macho mpaka nadhani amesinzia. Kisha anauliza, kila mara swali lile lile.

"Ulianzia ukutani?"

"Nilianzia ukutani," namwambia, na nakaa kuvua viatu.